Homa Haisubiri Asubuhi

Kisa hiki ni cha wazee wawili waliopimwa siku moja, katika chumba kimoja, na daktari yuleyule. Mmoja alitishwa na jambo lisilo na madhara, akakimbilia hospitali usiku wa manane. Mwenziwe alipatwa na jambo la kuua, akajifunika blanketi akingoja kupambazuke. Ni kisa cha mfano, nimekitunga. Lakini kila linalowapata wazee hawa huwapata watu kweli, na wauguzi wa wodi za magonjwa ya mkojo wanalijua vizuri. Majina sikuwapa. Tuwaite kama mtaa wao unavyowaita: Fundi, seremala ambaye hadi leo hajaweka randa chini, na Mwalimu, aliyestaafu baada ya kufundisha nusu ya mji.

Safari yao ilianzia kwenye kipimo cha damu. Mwalimu alikuwa na shida ya muda mrefu: akiamka usiku mara nne, akisimama chooni, mkojo ukidondoka na kukatika, na kila akimaliza akihisi haujaisha. Fundi hakuwa na dalili yoyote. Alimsindikiza rafiki yake tu, na walipofika akaona si vibaya naye akatoa damu. Majibu ya wote wawili yalionyesha PSA iko juu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu, ambayo njia ya mkojo hupita katikati yake. Ikipanda, huenda ni saratani; huenda pia ni tezi iliyotanuka kwa umri, au maambukizi ya mkojo. Damu peke yake haiwezi kuamua. Ili kujua, lazima kichukuliwe kinyama kutoka kwenye tezi, kipelekwe maabara, kitazamwe kwa darubini.

Zamani daktari aliiongoza sindano kwa kidole, akipapasa palipo pagumu, na ugonjwa usiopapasika ukampita. Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha faida ya kuiona tezi kwa altrasaundi na kuchukua vinyama sita kwa mpangilio, kutoka pande zote mbili. Leo aghalabu huchukuliwa vinyama 12. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja kuelekea kifuani. Kifaa cha altrasaundi, kinene kidogo kuliko kidole gumba, huingizwa kwenye njia ya haja kubwa. Tezi huonekana kwenye skrini, ganzi hudungwa pembeni mwake, kisha sindano nyembamba yenye springi hufyatuka, hukata kinyama kisichofika urefu wa sentimita mbili, na kurudi. Haipendezi, lakini inavumilika, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kabla ya hayo yote huja maswali, na hapo ndipo njia za wazee wetu zilipoachana.

Fundi aliulizwa anatumia dawa gani nyumbani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kila kitu: vidonge vya presha, na aspirini ndogo aliyopewa kliniki ya moyo. Daktari akaitazama ile aspirini, akamwambia aendelee nayo, maana kwa mtu mwenye moyo kama wake kuiacha ghafla kungeleta hatari kubwa kuliko damu kidogo ya kipimo. Ingekuwa wafarini au klopidogreli, dawa nyingine za kuzuia damu isigande, mpango ungekuwa mwingine: dawa ingesimamishwa kwa siku maalumu, kwa makubaliano na daktari wa moyo, kisha irudishwe. Uamuzi huo si wa mgonjwa peke yake, wala si wa jirani aliyewahi kupimwa. Lakini daktari hawezi kuamua juu ya dawa asiyoijua.

Ikafika zamu ya Mwalimu. Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima."

Kati yao na foleni ya nje palikuwa na pazia tu. Muuguzi akauliza yaliyo kwenye fomu: ana kisukari? Amelazwa hospitali karibuni? Amewahi kuwekewa mpira wa mkojo? Kisha: "Mwalimu, ndani ya miezi sita hii umetumia antibayotiki yoyote? Sipro, labda?"

Ukweli ni kwamba alikuwa ameitumia si mara moja. Mkojo ulipokuwa ukimchoma alikwenda duka la dawa, akanunua sipro, akameza siku mbili tatu mpaka maumivu yakatulia, zilizobaki akaziweka kwenye mtoto wa meza. Ulipochoma tena, akarudia. Angelieleza hilo ingembidi aseme pia kuchomwa na mkojo, kwa sauti ya kupita pazia, mbele ya binti aliyemfundisha kusoma saa.

"Hapana, mwanangu," akajibu.

Muuguzi akaandika hapana. Wote wawili wakapewa dawa ya kinga ya kumeza kabla ya kipimo. Dawa hiyo ilikuwa sipro.

Kipimo kilikwisha salama. Waliondoka na karatasi ya maelekezo kila mmoja. Fundi aliisoma ndani ya daladala, akaikunja, akaitia mfukoni. Mwalimu aliitia ndani ya Biblia yake, akasema ataisoma akitulia.

Usiku wa kwanza, Fundi alikwenda chooni akaona mkojo mwekundu. Ile karatasi aliyokuwa ameisoma mchana ikamtoka kichwani yote. Akamwamsha mkewe, wakaita bodaboda, saa nane usiku wako mapokezi. Daktari wa zamu alimpima joto, akamgusa tumbo, akamuuliza kama mkojo unatoka vizuri na kama kuna mabonge ya damu. Unatoka, na mabonge hakuna. Akamwambia anywe maji kwa wingi, apumzike, asibebe mbao siku chache, arudi nyumbani akalale.

Alikuwa sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la BMJ uliwafuatilia wanaume 1,147 wa Uingereza waliofanyiwa kipimo hiki kupitia njia ya haja kubwa. Theluthi mbili yao waliona damu kwenye mkojo. Zaidi ya theluthi moja waliiona kwenye choo kikubwa. Na zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliiona kwenye manii. Hiyo ya mwisho hudumu wiki kadhaa, rangi ikigeuka kutoka nyekundu kuwa kahawia, kisha huisha yenyewe. Haimdhuru mwanamume wala mke wake. Daktari alimweleza Fundi hilo mapema, mkewe akiwa ameketi pembeni, na maelezo hayo ya dakika mbili yaliinusuru nyumba na wiki nzima za kutazamana kwa wasiwasi. Waliolazimika kulazwa katika utafiti ule walikuwa asilimia 1.3.

Asubuhi Mwalimu alipopata habari alimpigia rafiki yake simu. "Fundi, unakimbizwa na tone la damu? Mimi hata sikuona kitu." Na kweli hakuwa ameona kitu. Mkojo wake ulikuwa karibu mweupe.

Usiku wa pili, baada ya isha, alihisi baridi. Akaomba blanketi. Kisha akaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana na kitanda kikalia. Mkewe akaweka mkono kwenye paji la uso, akauondoa haraka.

"Mzee wangu, unawaka moto. Si kile kipimo hiki?"

"Malaria hii. Naijua malaria."

Katika nchi zetu jibu hilo huja lenyewe. Homa na kutetemeka tumezoea kuvipa jina moja, na mara nyingi tumekuwa sahihi. Mjukuu akatumwa dukani, akarudi na dawa ya mseto na panadol. Hakuna aliyepima malaria. Mwalimu akameza vyote. Baada ya muda akatokwa na jasho, joto likashuka, akasema, "Mnaona?" Akalala.

Panadol ilikuwa imefanya kazi yake: imeshusha joto. Bakteria walioleta joto lile haikuwagusa, na waliendelea kuongezeka ndani ya damu yake saa baada ya saa, huku nyumba nzima ikishukuru kwamba mzee amepata nafuu. Mkewe alitaka waende hospitali. Akakataa: usiku, gharama, na aibu ya kurudi kwa binti yule kusema kinachomuuma ni kule. "Kukipambazuka tutaona."

Kulipopambazuka hakujua ni siku gani. Alipumua haraka kama aliyetoka mbioni. Hakuwa amekojoa tangu jioni. Binti yake mkubwa, asiyejua amwite nani, akampigia Fundi. Fundi akaifungua ile karatasi yake, akasoma kwa sauti mambo matatu yaliyopigiwa mstari: homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, mkojo kuziba, damu nyingi isiyokoma au yenye mabonge. Kisha akasema, "Mwanangu, msiandae chai. Andaeni gari."

Hospitalini presha ilikuwa imeshuka mno. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alitolewa damu ya kuotesha maabara, akatundikiwa dripu, akawekewa mpira wa mkojo, na daktari akauliza swali lilelile la juzi: kuna antibayotiki aliyoitumia? Mwalimu hakuweza kujibu. Mkewe akafungua mkoba akatoa maboksi matupu ya sipro aliyoyakuta kwenye mtoto wa meza. Kwa kuyaona yale maboksi daktari alijua sipro haitafaa kitu, akachagua dawa nyingine ya mshipani, ya kundi lingine kabisa. Siku mbili baadaye maabara ilithibitisha: bakteria walikuwa wa jamii ya E. koli, na walikuwa sugu kwa sipro.

E. koli huishi ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu bila kutudhuru. Shida huanza wanapohama. Sindano ya kipimo hiki hutoboa ukuta wa puru kuifikia tezi, na kila inapopita inaweza kubeba vijidudu, kama sindano ya cherehani ipitayo kwenye nguo yenye tope. Tezi dume ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo safari kutoka hapo hadi mwilini kote ni fupi. Ndiyo maana hutolewa dawa ya kinga kabla. Lakini mtu aliyekuwa akimeza sipro nusunusu ameshawaua bakteria dhaifu tumboni mwake na kuwaachia uwanja wale wanaoihimili. Anapopewa dawa ileile kama kinga, anapewa kitu ambacho adui wake amekwisha kukizoea.

Usugu huo haukuanzia kwetu wala hautuhusu sisi peke yetu. Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti waliona kwamba waliolazwa ndani ya siku 30 baada ya kipimo waliongezeka kutoka asilimia 1.0 mwaka 1996 hadi asilimia 4.1 mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maambukizi. Vifo vilibaki vichache sana, chini ya mmoja kati ya watu 1,000. Kwa hiyo kipimo si cha kukimbiwa. Ila kile kidogo kinachoua, huua kwa njia moja inayojulikana na yenye dawa, mradi mtu afike mapema.

Mwalimu alipona. Alitoka chumba cha wagonjwa mahututi, akakaa wodini siku nyingi, akarudi nyumbani amekonda, figo zake zikiendelea kufuatiliwa kliniki. Majibu ya vinyama yalikuwa yametoka. Fundi hakuwa na saratani; tezi yake ilikuwa imetanuka tu. Mwalimu alikuwa nayo, lakini bado ilikuwa ndani ya tezi, haijasambaa. Ilikuwa habari ya kutibika, na isingepatikana bila sindano ileile iliyokaribia kumwondoa. Matibabu yakasogezwa mbele mpaka mwili upate nguvu. Huo ndio muda alioulipa kwa neno moja alilolisema nyuma ya pazia.

Tusidhani kwamba kuficha ni ugonjwa wa wazee wa mitaani. Desemba 2023, Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Siku ya kwanza ya Januari 2024 akarudishwa hospitali kwa maumivu makali na maambukizi ya njia ya mkojo, akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Yake yalikuwa madhara ya upasuaji, mazito kuliko ya kipimo cha kinyama, lakini kimya kilikuwa kilekile: ilipita siku kadhaa kabla Rais Joe Biden hajajua kwamba waziri wake amelazwa, na Rais alikuwa hajajua hata kwamba ana saratani. Baadaye Austin alijitokeza mbele ya waandishi wa habari, akakiri hakulishughulikia jambo lile ipasavyo, akaomba radhi. Mtu aliyeongoza jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani alishindwa kulitamka neno tezi dume kwa mkubwa wake. Wahenga waliijua tabia hii: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa uchukuliwe kinyama, kubali. Lakini nenda ukiwa umesema kila kitu. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za dukani na za miti shamba. Taja antibayotiki yoyote ya miezi sita iliyopita, hata kidonge kimoja. Taja kisukari, taja kama umelazwa karibuni, taja kama mkojo unakuchoma, kwa sababu mwenye maambukizi ya mkojo hutibiwa kwanza, kipimo baadaye. Kama kuna pazia na foleni, sema: "Naomba tuzungumze faragha." Ni haki yako.

Uliza pia sindano itapita njia gani. Iko njia nyingine, kupitia ngozi ya msamba, ambapo sindano haitoboi puru, na Chama cha Madaktari wa Mkojo cha Ulaya sasa hushauri hiyo itangulizwe kwa sababu ya kupunguza maambukizi. Palipo na uwezo, picha ya MRI hufanywa kabla, ili sindano ielekezwe palipo na shaka, na wengine huonekana hawahitaji kuchomwa kabisa. Kama hospitali yako ina njia ya puru pekee, usivunjike moyo. Uliza kama puru itasafishwa kwa dawa ya povidoni ayodini kabla ya sindano, hatua nafuu ambayo tafiti zimeonyesha hupunguza maambukizi. Uliza dawa ya kinga imechaguliwa vipi.

Baada ya kipimo, nunua kipima joto. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi na maiti kijijini. Anayetoka mbali na hospitali alale mjini kwa ndugu siku mbili tatu, maana maambukizi haya mengi hujitokeza siku za mwanzo. Wenye tezi kubwa wajue mkojo unaweza kuziba, kibofu kikajaa na kuuma. Hilo nalo haliwekwi mpaka kesho, mpira wa mkojo hulimaliza kwa dakika. Damu nyepesi kwenye mkojo, kunywa maji. Homa, ondoka nyumbani. Ukifika, tamka mapema: "Nimepimwa kinyama cha tezi dume juzi." Sentensi hiyo humwondoa daktari kwenye malaria na kumpeleka moja kwa moja kwenye dawa ya mshipani.

Nanyi watumishi wa afya, mlioikuta kazi hii ina foleni ndefu na vyumba vichache, ninajua mzigo wenu. Lakini swali la antibayotiki likiulizwa kwa sauti mbele ya watu, mtapewa jibu la mbele ya watu. Liulizeni faragha, kwa Kiswahili, na kama muuguzi ni mtoto wa mtaa uleule, mwiteni mwingine. Karatasi ya maelekezo iwe kwa lugha ya mgonjwa, yenye namba ya simu inayopokewa usiku. Someni mambo yale matatu mbele ya mke au mtoto aliyemsindikiza, kwa sababu mwenye homa ndiye wa kwanza kukosa akili ya kuamua.

Hilo la mwisho ndilo ninalowaachia wake, watoto na majirani. Mwalimu aliulizwa usiku kama anataka kwenda hospitali, akasema hapana, na nyumba ikamheshimu kama ilivyozoea. Heshima hiyo ilikaribia kumuua. Mwanamume aliyechukuliwa kinyama cha tezi dume akianza kutetemeka, msimuulize anataka nini. Mpelekeni.